Ufunguo Niliopewa

Jumatatu, 29 Aprili 2024. Malindi

Kikundi chetu cha WhatsApp kimefika watu 412, kuanzia Takaungu hadi Kipini. Kampuni ya barafu ninayoifanyia kazi ilikianzisha ili nahodha ajue kama barafu ipo kabla hajapanda pikipiki na magunia yake. Sasa mna bei ya nguru, mashine za kuuzwa, misiba, harusi, na mama karanga, wale wakaanga samaki, wanaoulizana wapi simsimu ni rahisi leo. Meneja anataka kikundi cha barafu kizungumze barafu. Nimemwambia mvuvi hana maisha mawili, moja la barafu na jingine la mengineyo. Hakujibu.

Leo nimefuta matangazo matatu ya mikopo. Kisha ugomvi wa wavu wa juya. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, lakini bado linavutwa, na wa mishipi wanaona samaki wachanga wakimalizwa. Wacha wagombane, hilo ni tumbo lao. Nilichofuta ni maneno ya mmoja aliyewaambia Wapemba warudi kwao. Wapemba wanakuja na kaskazi tangu enzi za babu zetu, na wengine wamezaa hapahapa Shela. Nimemwandikia pembeni: kaka, sema kuhusu wavu, usiseme kuhusu watu. Amenijibu, "Sawa dada, nimekusikia." Nilifurahi kupita kiasi kwa jibu dogo kama lile.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Mto Sabaki umejaa na bahari ni nyekundu mpaka mbali, udongo wa bara wote huo. Maji mafu. Mashua chache zimetoka.

Ijumaa, 3 Mei, usiku

Mchana Rais amehutubia taifa: shule hazitafunguliwa Jumatatu, na kimbunga kiitwacho Hidaya kinaukaribia mwambao. Sisi kimbunga tunakisikia cha Msumbiji na Madagaska. Hapa kwetu ni neno la redioni.

Magharibi ikaingia sauti kikundini. Mwanamume anahema, anasema tsunami itapiga Malindi saa tatu usiku, amepata kwa ndugu yake wa hali ya hewa, watu wahame Shela. Ina ile mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. WhatsApp wamepunguza kasi ya ujumbe wa namna hiyo tangu 2020, unaupeleka kwenye gumzo moja tu kwa wakati, lakini mtu mwenye hofu harudi nyuma kwa sababu ya kidole kimoja zaidi. Niliifuta. Ikarudi. Nilihesabu mara kumi na moja. Mwingine akaweka video ya mawimbi yanayobomoa hoteli, na hoteli yenyewe si ya huku, minazi tu ndiyo inafanana. Mama mmoja akaandika kwamba ameshawatoa watoto nje kwenye mvua.

Hapo nikafunga. Saa mbili kasorobo nilibonyeza ili wanaoandika wawe viongozi tu, yaani mimi na meneja. Nikaweka taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa: mvua kubwa, upepo mkali, mawimbi makubwa, wavuvi wasitoke. Nikaongeza kwa maneno yangu kwamba kimbunga ni upepo, na tsunami mara nyingi hutokana na tetemeko la chini ya bahari. Tahadhari ya kweli kuhusu upepo isizikwe na uongo kuhusu wimbi.

Nilikuwa darasa la sita tsunami ilipopiga tarehe 26 Desemba 2004. Baba alisikia redio, akakimbia ufuoni kuwazuia wenzake, na polisi nao wakawa wanawatoa watu majini. Kenya nzima alikufa mtu 1. Somalia walikufa mamia. Tangu siku ile naamini habari sahihi ni chombo cha kuokolea, kama boya. Ndiyo maana nilifunga, na sasa kumetulia. Nalala.

Jumamosi, 4 Mei

Nimeamka na jumbe tano za mtu mmoja, mke wa mvuvi wa Ngomeni. Wa kwanza saa mbili na dakika kumi usiku. "Dada, fungua niulize. Baba watoto ametoka jana alfajiri, hajarudi." Wa mwisho saa tisa usiku: "Dada umelala?"

Nilikuwa nimelala.

Nikafungua kikundi mikono ikitetemeka, nikauliza mwenyewe. Hazikupita dakika nne. Mvuvi wa Kipini akaweka picha ya mashua ileile imefungwa kwenye mikoko, watu wanne wamekaa ubavuni wanakunywa chai. Mashine iliwafia ndani ya Ghuba ya Ungwana, wakatweka turubai, upepo ukawasukuma mpaka mlangoni mwa Tana. Simu zao zililowa. Picha aliipiga jana saa moja unusu jioni, akachelewa kuituma kwa kukosa mtandao. Mtandao uliporudi, mlango nilikuwa nimeshaufunga.

Usiku mzima habari ya uhai wa watu wanne ilikuwa kwenye simu ya mmoja wa watu wangu 412, na aliyeihitaji alikuwa wa kikundi hichohicho. Kilichowatenganisha ni kidole changu.

Serikali imekataza shughuli za baharini. Kimbunga kimefika upande wa Mafia, Tanzania.

Jumapili, 5 Mei

Tanzania wametangaza kimepoteza nguvu. Huku kwetu upepo na mvua, basi.

Meneja amenisifu kwa kufunga mapema. Amenikumbusha sheria ya 2018 ya makosa ya mtandao, faini ya uongo inafika shilingi milioni 5, akasema kampuni imesalimika. Nikamsimulia ya Ngomeni. Alinyamaza, kisha akasema, "Ulifanya lililowezekana." Si kweli. Ningeweza kumfanya kiongozi mtu mmoja kwa kila bandari, nikabaki nafuta uongo bila kuwaziba midomo wanaouliza. Nilichagua njia iliyonipa usingizi.

Jumatano, 8 Mei. Ngomeni

Nimekwenda mwenyewe. Barabara ni tope tupu hadi kwenye mashamba ya chumvi. Nilimkuta yule mama anakaanga, mumewe amesharudi, anashona turubai. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Hakuniambia si neno. Alisema, "Mimi sikutaka useme yuko salama. Nilitaka watu wajue hayupo." Kisha akanipa changu mmoja na bamia, na nikala.

Nikamwomba awe kiongozi wa kikundi kwa upande wa Ngomeni. Akauliza kuna malipo. Nikasema sijui, nitapigania. Akasema basi nipiganie kwanza.

Jumamosi, 11 Mei

Meneja amekubali vocha ya simu kwa viongozi sita: Takaungu, Watamu, Mayungu, Shela, Ngomeni, Kipini. Kidogo, lakini kimeandikwa. Watatu kati yao ni mama karanga, maana wao ndio wanaobaki nchi kavu na simu. Tumekubaliana pia kwamba kikundi hakifungwi bila wawili kuafikiana, na kimojawapo cha vidole hivyo kiwe cha mtu mwenye jamaa baharini.

Alfajiri hii, kabla sijainuka kitandani, Ngomeni ameandika bila kuombwa: "Wangu katoka saa kumi na moja. Watu wanne. Anarudi adhuhuri." Chini yake Kipini: "Nimeona." Chini yake Mayungu, nahodha wa Kipemba: "Na mimi natoka. Watu saba."