Gari Jekundu Kando ya Nyumba ya Mapadre



Wapendwa wanaparokia, kwa muda wa majuma matatu sasa tumesikia minong'ono, nayo haikutushangaza. Gari jekundu la milango miwili, lenye pua ndefu na sauti isiyojificha, limeonekana mara mbili likiwa limeegeshwa kando ya nyumba ya mapadre. Watoto wamelizunguka baada ya Misa wakisubiri taa zake ziinuke kutoka mafichoni. Katekista wetu, kwa adabu yake ya siku zote, alituuliza kama tumepata mgeni. Mama mmoja wa jumuiya hakuzunguka mbuyu: alitaka kujua kama hilo ndilo lililomeza michango ya paa la kanisa. Swali lake ni halali, na mwenye swali halali anastahili jibu kamili. Ndilo tunalolitoa leo.

Tuanze na fedha, maana hapo ndipo mioyo inapokwaruzika. Hakuna hata senti moja ya parokia iliyoingia katika gari hili. Vitabu vya mhasibu viko wazi, na mabati ya paa yameshalipiwa. Gari lilinunuliwa mwaka jana kwa shilingi 280,000, ambazo ni akiba yetu ya miaka tisa pamoja na fungu letu katika ng'ombe alioacha marehemu baba. Mapadre wa jimbo hatuweki nadhiri ya ufukara kama watawa. Twaweza kuwa na mali. Lakini Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 282, inatutaka tuishi maisha ya kawaida na kuepa yale yanayonukia majivuno. Kwa hiyo kusema kwamba fedha zilikuwa zetu ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kwa nini tulilinunua, nayo ni ndefu zaidi.

Tulizaliwa Taita, chini ya milima, katika nyumba ya kibarua wa mkonge. Pasaka moja, katikati ya miaka ya 1980, tukiwa na umri wa miaka saba hivi, kaka yetu alitushika mkono baada ya Misa akatupeleka kando ya barabara ya vumbi. Yeye alikuwa na miaka kumi. Enzi hizo mashindano ya magari ya Safari yalifanyika wakati wa Pasaka. Yalikuwa yameanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini sisi watoto hatukuwa na habari na malkia. Tulijua tu kwamba magari yangepita. Tuliketi juani tangu asubuhi tukitafuna viazi vitamu vya baridi, hata vumbi likaonekana mbali kama moshi wa shamba linaloungua. Kisha sauti. Kisha gari likapita mbele yetu kwa kasi ambayo macho hayakuwahi kuiona, na mawe madogo yakatupiga miguuni. Kaka alipaza sauti: "Selika!" Ilikuwa Toyota Celica.

Wazee watakumbuka. Gari hilo lilishinda Safari miaka mitatu mfululizo: mwaka 1984 kwa mkono wa Björn Waldegård wa Uswidi, mwaka 1985 kwa mkono wa kijana Juha Kankkunen wa Ufini, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashiriki Safari, na mwaka 1986 kwa Waldegård tena. Lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, wakati ambapo baadhi ya washindani walikwisha kuwa na magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Kaka aliyajua hayo yote kwa moyo. Aliyasikia redioni akayahifadhi kama sisi tulivyohifadhi katekisimu. Alitutengenezea Celica ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, na usiku, kabla ya usingizi kutuchukua, tulikubaliana kwamba siku moja tutanunua ya kweli. Yeye angeendesha, nasi tungekaa kando yake kusoma ramani.

Mnatuzoea tukisema "sisi" hata tunapokuwa peke yetu. Katika hamu hiyo, wapendwa, sisi tulikuwa wawili kwelikweli.

Mwaka 1993 tulipata nafasi katika seminari ndogo. Kaka alikuwa kidato cha tatu. Baba alituita sote wawili jioni moja, akatandaza noti na sarafu juu ya mkeka, akazihesabu mara mbili. Karo ya mmoja ilikuwapo. Ya wawili haikuwapo. Hakusema neno, wala hakuhitaji. Juma lililofuata kaka alikuwa Voi, katika gereji chini ya mkwaju, akiosha vipuri kwa petroli. Sisi tukaenda seminari na sanduku lililokuwa lake. Tangu siku hiyo hadi mwaka huu hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Tulipopata daraja takatifu ya upadre alikuja na suti ya kuazima, akapiga magoti kupokea baraka zetu za kwanza, akatuita "Padre." Hakutuita tena kwa jina la nyumbani.

Mwaka jana, baada ya maziko fulani huku pwani, tuliliona chini ya mwembe, limefunikwa turubai lililojaa majani. Celica ya mwaka 1984. Mwenye mji alikuwa mjane, na gari lilikuwa la marehemu mumewe. Injini ilikuwa haijanguruma kwa miaka minne. Siku tatu tulihangaika. Tulikumbuka maneno ya hayati Papa Fransisko aliyowaambia waseminari na wanovisi mwezi Julai 2013, kwamba humuuma kumwona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Tulijitetea kwamba hili si jipya, ni kuukuu kuliko makatekumeni wetu wote. Tukakumbuka pia kwamba Septemba ya mwaka huohuo yeye mwenyewe alipokea kutoka kwa padre mmoja wa Italia gari kuukuu aina ya Renault 4, nalo lilikuwa la mwaka 1984. Ndivyo moyo unaotamani unavyojua kukusanya mashahidi. Hata hivyo twakiri kwamba hoja iliyotushinda haikuwa mojawapo ya hizo. Tuliwaza: tukilipeleka kwa kaka, tutakuwa tumelipa.

Tukalikokota kwa lori hadi gereji yake Voi. Siku hizi ni gereji yake kweli, na mkwaju ungalipo. Alifungua boneti, akatazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya kabureta. "Padre," alisema, "hili limekufa." Kisha akavua shati.

Kazi ilichukua miezi saba, jioni baada ya wateja kuondoka. Alifungua injini akabadilisha pete za pistoni na gasketi, akasafisha tangi la mafuta lililojaa kutu, akatafuta mipira ya breki katika maduka matano ya Mombasa na Nairobi. Kila tulipouliza gharama alijibu, "Tutaangalia." Hakutupa hesabu hata mara moja.

Jumatatu ya Pasaka mwaka huu, alfajiri, alitukabidhi ufunguo. Tulifikiri angetaka kuendesha yeye kwanza, maana hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano ya utotoni, lakini aliketi upande wa abiria akafunga mkanda. Tuliwasha. Injini ikakohoa, ikasita, ikashika. Ndugu zetu, miaka arobaini ni mingi kusubiri sauti moja, nasi hatutajidai kwamba moyo haukuruka. Tukashika barabara ya Mwatate, ile iliyokuwa ya vumbi na sasa ina lami safi. Klachi ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Usukani ulitaka mabega. Kiti kiko chini kiasi kwamba lori lililotupita lilionekana kama nyumba. Na kwa kuwa tumezoea gari la parokia, ambalo hutusamehe kila kosa, tulilikazania gia ya pili hadi likaanza kulia.

"We mjinga, tia gia ya tatu! Unataka kuniulia injini?"

Tulitia gia ya tatu. Gari likanyooka, likatulia, likaanza kukimbia kama lililokumbuka kitu. Nasi tulikuwa tukicheka na macho yamejaa machozi, kwa sababu tangu upadrisho wetu hakuna mtu wa nyumbani aliyetuita mjinga. Kaka alijitambua, akaanza kuomba radhi: "Samahani, Padre." Tukamsihi asiombe.

Kabla ya kufika Mwatate gari lilizima. Halikuwa jambo kubwa. Takataka iliyobaki katika tangi ilikuwa imeziba mrija wa mafuta. Alifungua boneti, akaupuliza mrija kwa mdomo, akatema petroli majanini. Bila kututazama akauliza, "Hili gari umenunua kwa kulipenda, au umenunua kunilipa?"

Mtu anayeketi kitubioni kila Jumamosi akiwasubiri wengine waseme kweli hana haki ya kudanganya kando ya barabara. Tukajibu, "Yote mawili. Lakini zaidi kukulipa."

Alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Deni la ndugu halilipwi kwa bati," alisema. "Na mimi sikukukopesha. Baba alihesabu zile pesa mara mbili. Mara ya tatu nilihesabu mimi, nikaamua. Ukinilipa unafanya kana kwamba nilinyang'anywa." Akanyamaza kidogo. "Kama unataka kunipa kitu, njoo nyumbani. Tangu uwe padre umekuja kwangu kwa matanga na kubariki. Hujawahi kuja kula tu."

Hatukuwa na jibu. Tulihesabu kimyakimya, na hesabu ilikuwa sahihi. Tumehubiri mara nyingi juu ya yule mwana mkubwa aliyebaki shambani wakati mdogo yuko mbali, na kila mara tulimlaumu kwa kununa kwake. Hatukuwahi kujiuliza kama yule mdogo, baada ya karamu kwisha, alikwenda kuketi naye.

Tulibadilishana viti. Kaka alirekebisha kioo, akaingiza gia kwa vidole viwili kama mtu anayechuma ua, na kutoka hapo hadi nyumbani kwake gari halikulia hata mara moja. Katika kona alikuwa akitupa jicho, nasi tukakumbuka wajibu wetu. Hatukuwa na ramani, lakini tulimsomea barabara kama tulivyokubaliana gizani tukiwa watoto: kulia, tuta, ng'ombe, nyoosha. Shemeji yetu alikuwa amepika pilau. Tulikula, tukalala mchana juu ya mkeka, tukaondoka jioni bila kubariki chochote.

Hilo ndilo gari, wapendwa. Haliishi kwetu. Hati ya umiliki inaandikwa kwa jina la kaka. Alikataa mara mbili, akakubali tulipomwambia kwamba hatulipi, twampa tu. Mara mbili mlizoliona hapa ni yeye aliyekuja kututembelea kutoka Voi. Sisi twaendelea na gari la parokia na makosa yake yote. Ila kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ambayo ni siku yetu ya mapumziko, hatutapatikana ofisini. Tutakuwa Voi tukijifunza gia ya tatu. Mwenye mgonjwa amwone padre msaidizi.

Hatukusudii kuwaambia kwamba kila tamaa ya zamani ni njema, wala kwamba padre hana haja ya kujichunga na vitu vinavyong'aa. Mama aliyetuuliza juu ya paa aendelee kuuliza. Parokia isiyomuuliza padre wake maswali haimpendi. Tunachowaomba juma hili ni kitu kidogo. Pengine yupo mtu aliyebaki ili wewe uende. Labda umekuwa ukimtumia fedha, au unga, au salamu kwa simu, ukidhani unapunguza deni. Kaulize kama anataka kulipwa. Huenda anakusubiri ule kwake tu.

Tunawatakia nyote Dominika njema na kipindi chenye heri cha Pasaka.

Paroko wenu