Tenisi na Milango ya Vilabu



Michezo mingi iliyoletwa na Waingereza iliingia mitaani mwetu bila kubisha hodi. Kandanda iliwafikia watoto wa Mombasa na Lamu, nao wakaicheza kwa mpira wa matambara. Tenisi haikuwa hivyo. Ilikaa nyuma ya uzio, na aliyeicheza ni yule aliyefunguliwa lango.

Nayasema haya kwa sababu ya swali nililoletewa. Mpwa wangu aliyeolewa Kitale amenieleza kuwa bintiye, mwenye umri wa miaka 15, ameteuliwa katika timu ya wasichana itakayokwenda Bungoma kushindana na wenzao. Mama mtu ameridhia. Baba mtu anasita. "Mjomba, tumeshindwa kuafikiana," aliniambia. "Tupe neno lako, nasi tutalifuata." Neno linalofuatwa halifai kutolewa kwa haraka. Nikaona kwanza niuchunguze mchezo wenyewe, ulikotoka na ulivyotufikia.

Tenisi tunayoijua ilianza kuenea baada ya Meja Walter Wingfield kuandikisha rasmi uwanja wake huko Uingereza mwaka 1874. Mashindano ya Wimbledon yalianza 1877, na wanawake wakaingizwa 1884. Mwaka 1900 likazaliwa Kombe la Davis, baina ya Marekani na Uingereza. Humo mtu hachezi kwa ajili ya nafsi yake. Akishinda, ushindi wake huhesabiwa kwa timu nzima. Mashindano ya vilabu yana sura hiyo hiyo. Hucheza mmoja mmoja na wawili wawili, kisha alama zikajumlishwa. Na kwa kuwa klabu moja huwa mwenyeji na nyingine mgeni, mashindano hayo hayawezi kusimama bila adabu ya kukirimu na kukirimiwa.

Lakini mgeni alikuwa nani? Mombasa Sports Club, tunayoipita kila siku, ilianzishwa 1896. Huko bara, reli ilifika Kitale mwaka 1926, na ardhi ya Trans-Nzoia ilikuwa imetengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Kwao klabu ilikuwa baraza yao. Ndipo walipokutana, wakacheza, wakapokea wenzao wa miji mingine. Mwafrika aliingia kama mtumishi, si kama mwanachama wala mgeni.

Husimuliwa Kitale kwamba mviringo wa mawe ulio mbele ya klabu ya mji huo ni mabaki ya mahali walipofungiwa watumwa, misafara ikielekea pwani. Sisi watu wa pwani tusiyapite masimulizi hayo kwa kufumba macho. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi pahali pale pale watu kwanza walizuiwa wasitoke, kisha wajukuu zao wakazuiwa wasiingie.

Uhuru wa 1963 uliibadili hali hiyo, na matunda yakaonekana. Noah Wekesa alikuwa mbunge wa jimbo la Kwanza, huko huko Trans-Nzoia. Mwanawe, Paul Wekesa, akawa mchezaji tenisi wa kulipwa aliyetwaa mataji ya kimataifa ya wachezaji wawili wawili. Mwaka 2022, Angella Okutoyi, msichana wa Kenya aliyelelewa na bibi yake, alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mwaka huo huo Ons Jabeur, binti wa Tunisia, alifika fainali ya wanawake katika mashindano hayo hayo.

Na dini yetu yasemaje? Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kuwa alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Kisha baada ya muda Mtume akamshinda yeye. Ibn Umar naye amepokea kuwa Mtume aliandaa mbio za farasi: waliofanyiwa mazoezi wakapewa masafa marefu, wasiofanyiwa wakapewa mafupi. Humo mna uadilifu ambao kila mwandaaji wa mashindano angefaa kuuiga.

Basi neno langu kwa mpwa wangu lilikuwa hili: binti na aende, kwa masharti yanayojulikana. Acheze na wasichana wenzake. Avae suruali pana, shati refu la mikono na mtandio uliofungwa vyema. Walimu wa timu waulizwe mapema, ili asije akakatazwa uwanjani mavazi yake mbele za watu. Sala ya adhuhuri na alasiri itengewe wakati. Pasiwe na kamari ya aina yoyote. Na baba mtu, badala ya kukaa nyumbani na wasiwasi, amsindikize mwenyewe kupitia Kiminini na Webuye, akae kando ya uwanja amtazame mwanawe.

Baba yule aliniuliza, "Sheikh, na watu wakisema?" Nikamwambia kuwa watu husema hata binti akiwa jikoni. Lililo juu yake ni kumwogopa Allah katika amana aliyopewa, na mtoto ni amana: afya yake, haya yake, na kipawa chake pia.

Wazazi wenzangu, tuyatenge mambo mawili tunayoyachanganya mara nyingi. Sitara ni amri, nasi hatuna ruhusa ya kuilegeza. Lakini kumfungia binti ndani kwa sababu ya maneno ya jirani si sitara. Huo ni uzio mwingine. Ule wa kwanza ulijengwa na wageni, na tuliulalamikia kwa haki. Huu tukiujenga kwa mikono yetu, tutamlalamikia nani?

Allah awahifadhi mabinti zetu na atupe busara ya kuwalea. Wallahu aalam.