Picha ya Ukingoni mwa Lualaba

Siku hizi mtu mwenye simu apiga picha mia, afuta tisini, wala hafikiri. Sisi tumeanza kujifunza kazi hii kwa kamera ya zamani yenye filamu, na filamu moja ina picha 36 tu. Fundi atufundishaye, aliye Lubumbashi, alituagiza tupige picha za watu wa mjini walio kando ya maji. Basi Kamina yetu ni mji wa reli, haina mto mkubwa. Ilitupasa kwenda Bukama, kwenye Lualaba.

Reli ya kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na toka hapo mizigo ilipakiwa melini kushuka na mto mpaka Kongolo. Ndipo reli ikapitishwa Kamina hata Ilebo, ikafika huko mwaka 1928. Leo ukisimama ukingoni waona mitumbwi, mashua za mbao zenye mota, samaki wakavu, wanawake wakifua, watoto wakioga. (Daraja hatukulipiga picha, askari hawapendi, nasi hatukutaka kulala kituoni.)

Tulilojifunza kwanza ni kwamba maji hudanganya. Jua likiwaka juu ya mto, kipimo cha mwanga hudhani kila kitu kinang'aa vilevile. Ukikitii, mto utatoka mzuri, na mtu aliyesimama mbele yake atakuwa kivuli cheusi. Yakupasa kukipeleka kipimo karibu na uso wake, kisha ufungue zaidi tundu la mwanga. Yaani humpigi mtu vema pasipo kumkaribia.

Nasi tuliogopa kukaribia. Mama mmoja alikuwa akipanga samaki juu ya turubai. Tukampiga kwa mbali, asije akakataa. Akasikia mlio, akageuka, akainua mkono. Alipoona msalaba shingoni mwetu akasema, "Mwalimu, bei ya samaki wangu unauliza. Uso wangu huulizi?"

Akataka tuifute. Tukamweleza kwamba filamu haifutiki: picha imo, lakini haionekani mpaka isafishwe kwa dawa, na kamera ikifunguliwa juani zote zaharibika. Tulikuwa tumekwisha kupiga 31. Akatutazama tu. Tungaliweza kuifungua, hatukuifungua. Tulinunua mafungu mawili ya samaki, tukaondoka. Ndani ya gari la moshi tulikumbuka kwamba Jumamosi ile watoto wa mafundisho walikuwa wamefika kwenye amri ya saba, usiibe.

Majuma kadhaa baadaye, huko Lubumbashi, tuliitia karatasi katika dawa chini ya taa nyekundu. Mto ukatokea unang'aa, na mitumbwi hata kamba zake. Mama alikuwa kivuli. Ulionekana mkono tu. Fundi akasema, "Hii ni picha ya maji."

Tulikata kipande kile cha filamu, tukakipeleka Bukama pamoja na picha yake. Mama alikiinua juani, akakitazama sana, akasema, "Huyu si mimi." Akakifunga katika pembe ya kitenge pamoja na fedha zake, akasogea kidogo, tukapata mahali pa kukaa kwenye turubai. Tuliongea habari za mvua na za nauli. Kamera ilikaa mfukoni mpaka saa kumi, alipouliza yeye mwenyewe kama safari hii filamu imo.