Mama Niliyemfuta kwa Wino Mwekundu

Nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi karibu na Karagita, Naivasha, na kwa miaka mingi nilikiandama kitenzi "piga". Nilikiita kitenzi cha wavivu. Piga simu, piga pasi na piga picha niliziachilia kwa kuwa zimo kamusini. Piga dawa niliikataa katakata. Dawa ya maua hunyunyizwa, nilisema, mbele ya watoto ambao wazazi wao wengi walikuwa vibarua kwenye mashamba ya maua kando ya ziwa, wala sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akisema kunyunyiza.

Enzi hizo za mtihani wa KCPE, insha ilikuwa na alama 40, na kila alama tuliipigania. Mvulana mmoja wa darasa la saba akaandika: "Mama alipigiwa dawa akiwa ndani ya grinihausi, akarudi nyumbani kichwa kinamuuma." Nilikata mstari mzima, nikaandika juu yake: "Maua yalinyunyiziwa dawa."

"Lakini mwalimu, nyumbani tunasema hivyo."

Nikamjibu kwamba ndiyo maana ameletwa shuleni.

Sentensi yake ilianza na mama. "Alipigiwa": kuna aliyetenda, asiyetajwa, na kuna mama aliyetendewa bila kuulizwa. Viambishi viwili vidogo, -i- na -w-, vimebeba malalamiko yote hayo. Katika sentensi yangu yamebaki maua na dawa, mtu hayumo. Tena kunyunyiza ni neno pole. Tunanyunyiza chumvi kwenye mboga, tunanyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Dawa ya shambani husukumwa kwa bomba lenye nguvu. Anayeipiga hutakiwa kuvaa barakoa, glavu na ovaroli, na wengine wote wakae nje hadi muda uliowekwa upite. Mtoto yule alijua hayo kuliko mimi.

Miaka baadaye nilisoma kidogo sarufi ya Kimalei, nikakutana na kitenzi "kena". Kina kazi nyingi: kugusa, kupata shabaha, kulazimika, na hasa kupatwa na jambo. "Kena hujan" ni kunyeshewa. "Kena tipu" ni kutapeliwa. Aliyepatwa hutangulia, na mtendaji si lazima atajwe. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Lugha ya watu wa mbali ilikuwa imenionyesha kile ambacho mtoto wa Karagita aliniandikia, nami nikakikata.

Kosa la sarufi ningeweza kulisahau. Lisilonitoka ni kwamba nilisoma kuwa mama wa mwanafunzi wangu aliumwa na kichwa kwa sababu ya dawa, na sikumuuliza mtoto hali ya mama yake.

Insha yake iliyofuata ilihusu safari ya Mombasa, mji ambao hakuwa amewahi kufika. Haikuwa na "piga" hata moja. Nilimpa alama za juu, nikalisomea darasa zima.