Kabla ya Koni

Sebuleni kwangu kuna msumari mmoja, juu kidogo ya redio, ambao kwa miezi minane ulibeba medali niliyopewa kwa kukimbia kilomita 21. Wageni wakiingia huisoma kabla hawajaketi. Wengine hunipa mkono mara ya pili. Mimi husema, "Ah, mazoezi tu," kisha naulizia habari za safari, na mgeni huondoka akidhani nimesema vile kwa unyenyekevu.

Haukuwa unyenyekevu. Medali ile ina upungufu wa kilomita 1.8. Najua hesabu yake vizuri, maana hesabu ndiyo somo ninalofundisha.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 49, wala si kwa kupenda. Daktari alinipima presha, akarudia kana kwamba mashine ndiyo iliyokosea, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mwalimu. Akauliza kama huwa natembea. Nikajibu kwamba nina pikipiki, na nadhani nililijibu hilo kwa fahari kidogo. Aliandika maneno mengi kwenye daftari langu. Mke wangu alipoyasoma aliona neno moja tu, "mazoezi", na kesho yake saa kumi na moja alfajiri akanivuta blanketi.

Songea si mji unaomhurumia mtu mzito. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi inaingia hadi kwenye meno. Tambarare ni chache. Barabara ikishuka ujue inakukopesha tu, itakudai mbele. Na ukielekea upande wa Matogoro, kwenye milima ile unakoanzia Mto Ruvuma, unakuta kilima kimekaa kinakusubiri hakina haraka. Wiki ya kwanza nilikimbia kutoka nyumbani hadi kwenye nguzo ya nne ya umeme, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Baadaye nikaingia kwenye kundi. Tunakutana Jumamosi nje ya Uwanja wa Majimaji: walimu wawili watatu, muuguzi mmoja, vijana wa bodaboda, fundi seremala, na mama mmoja anayeuza vitumbua. Vijana wanaita jogging. Sisi wa rika langu neno letu ni mchakamchaka, tulioukimbia shuleni peku tukiimba, na tofauti yake naiona mpaka leo: katika mchakamchaka ukiachwa na mstari umeachwa na wimbo, kwa hiyo unajikaza usikose kiitikio. Hapa kila mtu na pumzi zake. Tukipita karibu na Makumbusho ya Majimaji, pale walipozikwa wapiganaji wa Vita vya Majimaji walionyongwa Februari 27, 1906, mazungumzo hukatika yenyewe. Hakuna aliyetuagiza. Kwa mita mia chache hivi husikii ila viatu.

Yule mama nimweleze kidogo. Anaamka saa tisa usiku kuandaa vitumbua, na Jumamosi humwachia binti yake jiko. Anakimbia na raba za mtumba na kanga kiunoni juu ya suruali ya michezo. Ni mzito wa mwendo kuliko mimi, lakini mwendo wake ni mmoja, kupanda na kushuka, kama wa mtu anayewahi msiba: hakimbii sana, hasimami. Mimi nilikuwa namwacha mara kwa mara. Nakiri kwamba kumwacha yule mama ndiko kulikonipa moyo asubuhi nyingi, na sioni namna nzuri ya kulisema hilo.

Basi Julai ile mji ukawa na mbio. Tukajiandikisha kilomita 21, tukapewa tisheti na namba za kubana kifuani kwa pini. Hii tunayoiita 21 kwa kamili ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, yaani nusu ya zile 42.195 za marathoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwambia mke wangu habari ya zile mita 97 na nusu, nikasema watu wengi hawazijui. Akaniambia nilale.

Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi: unatoka mjini kwa lami, unafika kwenye koni ya njano, unaizunguka, unarudi ulikotoka. Kilomita 5 za kwanza nilikimbia kama kijana. Kufika ya 8 kijana ameondoka, nimebaki mimi. Paja la kushoto lilikaza kama kamba ya kisima, na wote niliowapita wakati wa kutoka wakaanza kunipita mmoja mmoja, wengine wakinipa pole, na pole ya mtu anayekupita ni nzito kuipokea. Nyuma yangu alibaki mtu mmoja tu.

Mbele kidogo ya mwembe mkubwa alikuwapo kijana wa kujitolea, amevaa kizibao cha kung'aa, amekaa juu ya kreti ya soda. Aliponiona alisimama. Nakumbuka uso wake vizuri, uso wa huruma kabisa, wa mjukuu. Akasema, "Shikamoo mzee. Geukia hapa tu. Wenzako wote wameshageuka."

Nilitazama mbele. Barabara ilikuwa inashuka, kisha inapanda, na juu ya mpando ule, mbali, palikuwa na kitu kidogo cha njano.

Nikasema marahaba, nikageuka.

Haikuchukua hata nusu dakika. Nimeirudia sana nusu dakika ile, nikitafuta mahali nilipoamua, na sipaoni. Naona mguu wa kulia tu, umeshaelekea mjini. Baada ya muda mfupi nikapishana na yule mama. Yeye anakwenda, mimi narudi. Akainua mkono, akasema, "Kaza, Mwalimu!" Nami nikakaza, kwa kweli paja lilikuwa limelegea ghafla, nikakimbia kilomita zilizobaki vizuri kuliko zote za siku ile.

Uwanjani walikuwa wanakunja viti. Binti aliyekaa mezani alichomoa medali kwenye boksi, akanivisha, na mimi nikaona sakafu ya boksi. Niliiona, sikuielewa. Nilikuwa nakunywa maji. Dakika ishirini na ushee baadaye aliingia mama wa vitumbua, kanga imelowa jasho, akiwa na mwendo wake uleule, na binti wa mezani akasimama, akageuza boksi juu chini, akasema samahani mama, zimekwisha. Mama akasema haina neno. Akaomba maji. Kisha akaja kunishika medali kifuani, akaigeuza upande wa pili kuona kama nako kumeandikwa, akasema, "Nzuri."

Jioni nilifungua simu niliyokuwa nimeibeba mfukoni. Ilikuwa imehesabu kilomita 19.3. Nikaitazama kwa muda, kisha nikaifuta.

Mke wangu, nilipomsimulia, alishangaa kwamba nimekosa usingizi kwa jambo kama hilo. Wewe uliambiwa geuka, ukageuka; ungebisha ungeitwa mkaidi. Huenda ana haki. Yule kijana sidhani alitaka kuniharibia chochote. Aliona mzee mwenye rangi mbaya usoni na akatoa alichokuwa nacho. Mimi mwenyewe miaka yangu ya ualimu ningefanya vizuri kuwa na nusu ya huruma yake. Mwezi uleule wa mbio nilimkamata mtoto wa darasa la sita na kikaratasi cha majibu chini ya soksi, nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia maneno marefu kuhusu mtu anayejiibia mwenyewe. Maneno hayo nilikuwa nayo tayari, nimeyasema miaka mingi, hata hayahitaji kufikiriwa. Alikuwa analia bila sauti. Sasa nikimwona uwanjani akicheza mpira hujikuta nimeangalia pembeni.

Kuna hadithi nyingine niliyokuwa naisimulia kila mwaka, ya John Stephen Akhwari. Walimu wote tunayo. Mexico City, Oktoba 20, 1968: Mtanzania ameanguka njiani, goti limeumia, limefungwa bandeji, na Mamo Wolde wa Ethiopia ameshashinda kwa saa 2:20:26, jua limezama, watu wanaondoka, ndipo anaingia Akhwari akichechemea na kumaliza kwa 3:25:27. Niliisimulia kama somo la uvumilivu, kwa sauti ya somo la uvumilivu. Mwaka ule nikairuka. Niliogopa mtoto ataniuliza kuhusu medali yangu, maana habari zake zilikuwa zimefika shuleni.

Lakini kuiruka hadithi kulinifanya niifikirie kwa mara ya kwanza. Nilikumbuka jambo ambalo huwa tunaliacha: kwamba mwaka 1970 mtu huyohuyo alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh na kumaliza wa tano, kwa saa mbili na dakika kumi na tano. Alikuwa na mbio hasa. Sisi tumemchukua akichechemea, mwingine tumemwacha. Nikajiuliza kwa nini mimi nilimpenda vile, na jibu lililonijia halikunifurahisha. Mtu anayechechemea anafanana na mimi. Nilidhani tunafanana mpaka mwisho, mpaka kwenye kutogeuka, kumbe tunafanana gotini tu. Au pengine ninajionea mno; mwanariadha wa Olimpiki na mwalimu mwenye presha hawapimwi kwa mizani moja. Sina hakika.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alitupa furaha kule Tokyo, bingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa saa ileile, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Tulitazama marudio kwenye simu ya kijana wa bodaboda, tumekusanyika kama tunaota moto, tukapiga kelele mpaka watu wakatoka madukani. Yule mama alirukaruka na beseni lake. Mimi nilishangilia kama wengine, huku sehemu fulani ya kichwa ikifanya hesabu isiyoombwa: kilomita 42 na ushee, na bado kilichowatenganisha hakitoshi hata kupepesa jicho. Kama kipande hicho kinahesabika, basi kilomita 1.8 ni nchi nzima.

Jumapili moja baada ya misa nilichukua pikipiki nikaenda hadi mwembe. Nikaegesha. Nikakimbia kipande changu, mita 900 za kushuka na kupanda hadi mahali ilipokuwa koni, na mita 900 za kurudi. Dakika kumi na tatu. Mwanamke aliyebeba kuni kichwani alisimama kando kunipisha, akaniuliza, "Amani huko?" Akidhani nakimbia jambo. Nikamwambia amani. Nilitegemea nikifika tena kwenye pikipiki nitajisikia mwepesi, na kwa kweli nilijisikia mwepesi, kwa sababu ya kukimbia. Jioni medali ilikuwa ileile. Nilikuwa nimejilipa mwenyewe, wakati aliyekuwa ananidai ni mtu mwingine.

Ilinichukua miezi hiyo yote kuliona hilo, na nililiona si kwa kutafakari bali kwa kuchelewa. Jumamosi moja ya Machi nilichelewa kundi kwa sababu ya mvua, nikakimbia nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza nikawa nyuma ya yule mama. Nikaona tunachokiona tukiwa nyuma: kisigino cha raba ya kulia kimelika upande, na kila kilima kikianza anashusha kichwa kidogo, kama anaingia mlango mfupi. Nikakumbuka tulivyopishana. Kisha nikakumbuka kwamba yeye, baada ya kupishana na mimi, alikimbia kilomita nzima na zaidi ndipo akaifikia koni. Mtu hahitaji kuwa mwalimu wa hesabu.

Jumatatu niliitoa medali msumarini, nikaifunga kwenye gazeti, nikapita pale anapouzia. Alikuwa anageuza vitumbua kwa njiti, chungu kizima, bila kuangalia. Tukasalimiana. Nikaweka gazeti mezani, nikalifungua, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu nyumbani, yakakatika katikati.

"Tulipishana pale kwenye mwembe," alisema. "Nikajua umechoka."

"Mbona hukuniambia?"

Alicheka kidogo, akatoa vitumbua vinne vilivyoiva, akavichuja mafuta. "Nikuambie nini, Mwalimu? Kwani wewe hukuwapo?"

Sikuwa na la kujibu, nikaagiza hivyo vinne. Mia mbili mbili, mia nane. Nikampa elfu moja. Akapekua kwenye mkebe, hakuwa na chenji. Nikamwambia mama, acha, baki nayo. Akakataa. Akamtuma binti yake kwa muuza mkaa kutafuta mia mbili, binti akarudi mikono mitupu, akatumwa tena kwa mwenye duka la simu, na muda wote huo mimi nimesimama, watu wananunua na kuondoka, medali iko wazi mezani kati ya chupa ya chai na kopo la sukari, na sikujua kama niichukue au niiache.