Nchi Iliyokosa Nafasi ya Jina

Siku moja tulipokuwa tukifundisha jiografia, mtoto mmoja alisimama mbele ya ramani ya Ulaya akauliza, "Mwalimu, mbona nchi hii haina jina?" Kidole chake kilikuwa kati ya Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani. Kweli, jina halikuenea. Palikuwa na tarakimu tu. Tukajibu upesi, "Hiyo ni Luxembourg, ni ndogo, haina habari," tukaendelea na somo. Jioni jibu lile lilituchoma moyo, tukafungua vitabu.

Tukaona ya kuwa mwaka 1867 wakubwa wa Ulaya walikutana London, wakaandika mkataba kwamba nchi ile isiwe upande wa yeyote vitani, na ngome yake kuu ibomolewe. Ngome ikabomolewa, nchi ikabaki ikilindwa na karatasi. Lakini wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mwaka 1914 majeshi ya Wadachi yaliingia. Na tarehe 10 Mei 1940 yakaingia tena. Karatasi haikuyazuia.

Oktoba 1941 watawala wale walileta karatasi nyingine, ya kuhesabu watu. Kila mtu aandike uraia wake, lugha aliyozaliwa nayo, na kabila lake. Tena wakaonywa wasiitaje Luxembourg katika lugha wala kabila. Walakini karatasi za kwanza zilipochunguzwa, ilionekana walio wengi wamejibu Luxembourg mara zote tatu. Hesabu ikavunjwa. Agosti 1942, vijana walipoamriwa kuingia katika jeshi la Wadachi, watu waligoma, kuanzia mji wa Wiltz. Watu 21 wakahukumiwa wakauawa, na miongoni mwao walimu.

Vita vilipokwisha, mwaka 1948 nchi ile iliondoa katika katiba yake neno la kutokuwa upande wowote. Na lugha ile waliyokatazwa kuiandika ikawekwa kwa sheria, mwaka 1984, kuwa lugha ya taifa.

Kesho yake tulimtaka mtoto yule radhi mbele ya wenzake, tukawasimulia hayo yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na walimu wale, waliitwaje?" Hatukuwa tumeyaandika majina yao. Tukarudi vitabuni mara ya pili. Wawili wao, wote wa Wiltz, ni Josef Ewen na Célestin Lommel. Sasa majina hayo yameandikwa kwa wino pembeni mwa ramani yetu, na pamoja nayo jina la nchi yao.