Kipimo cha Kwanza cha Fundi wa Umeme

Vijana wengi wa miji yetu wanajifunza kazi ya umeme. Swali lao la kwanza ni hili: tununue kipimo gani? Nasi tulijiuliza vilevile tulipokuwa wanafunzi wa kazi hiyo huko Bukavu, na jibu letu nusura lituue.

Fedha zetu zilikuwa chache. Tulikwenda soko la Kadutu, tukanunua testa ya bisibisi, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ncha yake hugusa waya, na kidole hugusa chuma cha nyuma. Umeme kidogo sana hupita katika mwili wa fundi mpaka chini, na taa huwaka. Haina betri, inaingia mfukoni. Tulifurahi kama mtoto aliyepewa viatu vipya.

Siku moja tulitumwa kubadili taa ya dari. Tulipanda ngazi ya mbao kavu, tumevaa viatu vya mpira, na jua la adhuhuri lilijaa chumbani. Tukapima: hatukuona taa kuwaka. Basi tukashika waya kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa umeshika bomba la chuma. Volti 220! Tulirushwa chini, na mkono ukafa ganzi mpaka jioni.

Fundi mzee aliyetufundisha hakutugombeza. Aliuliza tu: «Mwanangu, testa ilikuambia hakuna umeme, au ilinyamaza?»

Kisha akaeleza. Ngazi kavu na mpira vilizuia njia ya umeme kwenda chini. Taa iliwaka kwa unyonge, na jua likaificha. Shahidi akinyamaza, je, ametoa ushahidi?

Wengine hununua multimeta. Ni chombo kizuri cha kujifunzia. Lakini mwanafunzi akisahau waya wake katika tundu la ampea, kisha akapima priza, amefanya shoti mikononi mwake.

Basi shauri letu ni hili: nunueni kipimo cha ncha mbili zilizounganishwa kwa waya. Hicho hupima kati ya waya na waya, wala hakitumii mwili wa fundi kuwa njia. Kiwe na alama ya CAT III na kistahimili zaidi ya volti 380, maana ndizo zilizoko kati ya fazi na fazi. Kama fedha hazitoshi, ngojeni mwezi mwingine.

Lakini hata kipimo chema huharibika. Kwanza zimeni kikata-umeme na kukifunga. Halafu pimeni mahali mnapojua kuna umeme. Kisha pimeni waya wa kazi. Kisha rudini pale pa kwanza. Shahidi aulizwe kabla na baada.

Na siku umeme umekatika mtaa mzima? Hapo kila kipimo kitasema hakuna, na fundi atashawishika kuanza kazi. Asithubutu kabla ya kufunga kikata-umeme. Umeme wa mji hurudi bila kubisha hodi.

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo. Testa yetu ya Kadutu tunayo hata leo. Tunafungulia nayo skrubu tu, umeme ukiwa umekwisha kuzimwa na kuhakikishwa mara tatu.